AFYA YA NYUMBANI: Safari ya Tonge Moja la Ugali

Mbuzi anapochinjwa penye arusi au sikukuu, hapana mtu mzima kijijini asiyevitambua vitu vitolewavyo tumboni mwake. Ini huchomwa kwanza, likaliwa likingali moto. Matumbo huoshwa kwa maji mengi yakapikwa. Nyongo hutengwa kwa uangalifu, isije ikapasuka na kuitia nyama uchungu. Hata watoto wajua kuyataja majina ya viungo hivyo. Lakini mtu akiuliza kila kimoja kilikuwa na kazi gani mbuzi alipokuwa hai, wengi hunyamaza. Na mwili wa binadamu unavyo viungo vya namna hiyo hiyo, ila mbuzi na ng'ombe wana tumbo lenye vyumba vinne kwa ajili ya kuyameng'enya majani, naye binadamu ana tumbo la chumba kimoja tu.

Ujuzi wa mambo haya si pambo la akili peke yake. Yuko mama ambaye mtoto wake anaharisha, naye akamnyima maji kwa kudhani ya kuwa maji ndiyo yanayomharisha. Mama huyo amefanya hivyo kwa upendo, wala si kwa ubaya. Lakini amekwenda kinyume cha kazi ya utumbo, na kosa hilo laweza kumwua mtoto kabla jua halijatua. Ili kuona kosa liko wapi, yafaa kulifuata tonge moja la ugali, maharagwe na sukuma wiki tangu liingiapo kinywani hadi mwisho wa safari yake.

Safari hiyo yaweza kufananishwa na kazi ya kiwanda cha kahawa cha chama cha ushirika. Kahawa mbivu iletwayo na wakulima hupita kwanza katika mashine ya kumenya, kisha hulazwa matangini, huoshwa katika mifereji, na mwisho huanikwa juani. Kila mahali pana kazi yake, na mahali pamoja pakiharibika, kazi yote huvurugika. Ndivyo ulivyo mwili.

Kinywani

Mashine ya kumenya ni meno. Mtu mzima aliye na meno yote anayo 32: ya mbele hukata, yenye ncha hurarua, na magego husaga. Wakati huo huo tezi za mate humimina maji yake juu ya chakula, nayo mate hayo kwa siku moja hufika lita moja au moja na nusu. Kazi ya mate si kulainisha tu. Ndani yake mna kitu kiitwacho kimeng'enya, ambacho huanza kuuvunja wanga wa ugali na kuufanya sukari. Jambo hili laweza kujaribiwa na mtu yeyote mezani pake: akitafuna kipande cha mkate au ugali mkavu kwa muda mrefu bila kukimeza, ataonja utamu ambao haukuwapo hapo mwanzo.

Kwa hiyo wazee waliowakanya watoto wasimeze chakula kizima kizima walikuwa na haki. Tonge lisilotafunwa vizuri huliachia tumbo kazi ambayo halikuumbiwa, maana tumbo halina meno.

Tonge likimezwa, kifuniko kidogo kilichoko kooni hufunika njia ya pumzi ili chakula kisiingie mapafuni. Mtu anayezungumza na kucheka huku akila aweza kukikosesha kifuniko hicho wakati wake, akapaliwa. Kisha tonge huingia katika umio, yaani mrija wa nyama wenye urefu wa sentimeta 25 hivi. Halianguki humo kama jiwe liangukavyo kisimani. Nyama za umio hujibana nyuma yake na kulisukuma mbele, kama mkono unavyokamua chuchu ya ng'ombe. Ndiyo sababu mtu aliyelala aweza kumeza, na ng'ombe anywaye maji mtoni hali ameinamisha kichwa huyapandisha maji hayo mpaka tumboni.

Tumboni

Tumbo ni mfuko wa nyama ulio upande wa kushoto, chini ya mbavu. Lisipokuwa na kitu hujikunja likawa dogo. Mtu akishiba laweza kuchukua lita moja au moja na nusu. Kuta zake husinyaa na kulegea, hukikoroga chakula na kukichanganya na maji makali ya tindikali yanayotoka katika tezi zake. Tindikali hiyo huua vijidudu vingi vilivyoingia pamoja na chakula, tena husaidia kuanza kuivunja protini ya maharagwe, ya nyama na ya maziwa. Baada ya saa mbili hadi nne hivi, tonge letu si tonge tena, bali ni uji mzito. Chakula chenye mafuta mengi hukawia zaidi, ndiyo maana aliyekula nyama ya mafuta husikia njaa baadaye kuliko aliyekula ndizi tupu.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa tindikali hiyo huyeyusha nyama, mbona tumbo halijiyeyushi lenyewe? Jibu ni kwamba ukuta wa tumbo umepakwa ute mzito unaoukinga. Ute huo ukiharibika, tindikali hupata njia ya kuula ukuta, na hapo hutokea vidonda vya tumbo. Kwa miaka mingi watu, hata madaktari, walisema vidonda hivyo huletwa na wasiwasi na pilipili. Lakini katika mwaka wa 1982 madaktari wawili wa mji wa Perth huko Australia, Robin Warren na Barry Marshall, walionyesha ya kuwa kuna bakteria aishiye tumboni penye tindikali hiyo. Wengi hawakusadiki. Basi katika mwaka wa 1984 Marshall alikunywa mwenyewe maji yenye bakteria hao, na baada ya siku chache akaugua tumbo. Katika mwaka wa 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Siku hizi vidonda vingi vyatibika kwa dawa za kuua bakteria, pamoja na zile za kupunguza tindikali. Kwa hiyo mwenye maumivu ya tumbo yasiyokoma asijitibu kwa majivu au kwa vidonge vya dukani mwaka hadi mwaka, bali aende akapimwe. Tena ajue kwamba baadhi ya vidonge vya kutuliza maumivu, vikimezwa kila siku, navyo huharibu ule ute na kuleta vidonda.

Dirisha katika tumbo la mtu

Zamani hapakuwa na mtu aliyeliona tumbo la binadamu aliye hai likifanya kazi. Jambo hili lilijulikana kwa ajali. Tarehe 6 Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac huko Marekani, bunduki ililia kwa bahati mbaya katika duka la ngozi za wanyama, ikampiga ubavuni kijana mmoja mchukuzi, Alexis St. Martin, mwenyeji wa Kanada. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alipomwona alidhani hatafika asubuhi. Hata hivyo kijana alipona, lakini tundu lililofungua tumbo lake halikuziba kamwe.

Kuanzia mwaka wa 1825, Beaumont alilitumia tundu hilo kama dirisha. Alifunga vipande vya nyama, mkate na kabichi kwa uzi wa hariri, akavitia tumboni, akavitoa baada ya saa moja au mbili ili aone vimeyeyuka kiasi gani. Tena aliteka maji ya tumbo, akayaweka katika chupa yenye joto kama la mwili, akatumbukiza nyama ndani yake. Nayo nyama ikayeyuka chupani vile vile. Hivyo ilithibitika ya kuwa tumbo halisagi tu kama jiwe la kinu, bali linayo maji yenye nguvu ya kuyeyusha. Aliona pia kwamba St. Martin alipokasirika, kazi ya tumbo ilibadilika na chakula kilikawia. Kitabu chake kilitoka mwaka wa 1833. St. Martin mwenyewe alichoshwa na majaribio hayo, akamwacha daktari zaidi ya mara moja na kurudi kwao Kanada. Lakini yote yafundishwayo shuleni juu ya tumbo yana deni kwa mchukuzi huyo.

Ini, nyongo na kongosho

Uji utokao tumboni huingia kidogo kidogo katika utumbo mwembamba. Hapo mwanzo wake, majirani wawili huuletea msaada. Wa kwanza ni ini, kiungo kikubwa kuliko vyote vilivyomo ndani ya mwili, ambalo kwa mtu mzima lina uzito wa kilo moja na nusu hivi. Ini hutengeneza nyongo, ile ile chungu iogopwayo na wachinjaji, na kuiweka akiba katika kifuko chake. Nyongo huyavunja mafuta yakawa matone madogo sana, kama sabuni ifanyavyo katika sahani yenye mafuta.

Jirani wa pili ni kongosho, kiungo chembamba chenye urefu wa sentimeta 15 hivi, kilicholala nyuma ya tumbo. Maji yake huipoza tindikali iliyotoka tumboni, na vimeng'enya vyake huvunja wanga, protini na mafuta pia. Kongosho lina kazi nyingine, nayo ni kutia katika damu kile kiitwacho insulini, ambacho hutawala sukari ya mwili. Kazi hiyo ikiharibika, mtu hupatwa na ugonjwa wa kisukari.

Shamba lililokunjwa

Sasa tonge limefika mahali ambapo kwa kweli ndipo mtu hulishwa. Chakula kilichomo tumboni bado hakijawa cha mwili, kama vile mahindi yaliyo katika gari hayajawa ya ghalani. Ni lazima yateremshwe. Kazi ya kuteremsha hufanywa na utumbo mwembamba, ambao ukinyooshwa una urefu wa mita 6 hivi.

Aliyepata kuupasua utumbo wa mbuzi na kuuosha anajua ya kuwa upande wake wa ndani si laini kama mpira, bali ni kama kitambaa cha mahameli. Wa binadamu ni hivyo hivyo. Umekunjwa kunjwa, na juu ya mikunjo hiyo vimeota vijidole vidogo kama manyoya, na juu ya vijidole mna vingine vidogo zaidi visivyoonekana ila kwa darubini. Kama vingetandazwa vyote, vingefunika sakafu ya chumba chenye mita 5 kwa 6. Mkulima aliyekata matuta katika kilima chake anaelewa faida ya jambo hili: eneo likiwa kubwa na maji yakikawizwa, udongo hupata nafasi ya kunywa. Ndani ya kila kijidole mna mishipa midogo ya damu, ambayo huipokea sukari iliyotokana na ugali, na protini ya maharagwe iliyokwisha kuvunjwa, na kuvipeleka kwenye ini, ambalo ndilo karani wa ghala: hupokea, huweka akiba, na hutoa mwili unapohitaji.

Humu ndimo wakaamo pia wageni wasioalikwa. Minyoo mirefu hula chakula ambacho mwenyewe amekitolea jasho, nayo safura hujing'ata katika ukuta wa utumbo na kufyonza damu. Mtoto mwenye minyoo aweza kula sahani nzima na bado akadhoofika. Choo cha shimo, viatu miguuni, na dawa itolewayo kwa wakati wake ndiyo kinga.

Hesabu ya maji

Makarani wenye kushika daftari watalipenda jambo lifuatalo. Kwa siku moja, mtu mzima huingiza mwilini lita 2 hivi za maji, yaani aliyokunywa na yaliyomo katika chakula. Mate huongeza lita moja na nusu. Maji ya tumbo, lita 2. Nyongo, nusu lita. Kongosho, lita moja na nusu. Na utumbo wenyewe, lita moja. Jumla ni lita 8 na nusu, karibu nusu ya debe la lita 20. Katika maji hayo yote, utumbo mwembamba huirudishia damu lita 7 hivi. Lita moja na nusu inayobaki hupita katika utumbo mpana, wenye urefu wa mita moja na nusu. Huko bakteria wengi wasio adui humaliza kuyavunja mabaki ya mboga na maganda ya maharagwe, na maji karibu yote hunyonywa, mpaka choo kitokapo huwa na maji yasiyozidi robo lita. Ndiyo maana aliye maji machache na mboga chache hufunga choo.

Basi ifikiriwe sasa hesabu hiyo ikivurugika. Vijidudu vilivyoingia kwa maji machafu au kwa mikono isiyonawiwa huviharibu vile vijidole vya utumbo, au, kama vya kipindupindu, huufanya utumbo umwage maji badala ya kuyanywa. Mgonjwa wa kipindupindu kikali aweza kupoteza hata lita moja kwa saa moja. Maji hayo hayatoki kikombeni. Yanatoka katika damu yake. Na mtoto mdogo hana debe, ana kikombe tu. Kumnyima maji ni kufunga mfereji wa kuingilia huku ule wa kutokea umeachwa wazi.

Chumvi na sukari

Lakini je, maji yakinywewa hayatapita tu? Swali hilo ni la haki, na jibu lake lilitafutwa kwa miaka mingi. Maji matupu kweli hupita kwa wingi. Lakini katika mwaka wa 1960, Robert Crane wa Marekani alieleza katika mkutano wa wataalamu mjini Prague ya kuwa katika ukuta wa utumbo pana mlango ambao chumvi na sukari huuingia pamoja, mmoja akimshika mwenziwe mkono. Nayo maji huwafuata. Mlango huo hauharibiwi hata na kipindupindu.

Ujuzi huo ulipimwa katika shida kubwa mwaka wa 1971, wakati wa vita vya Bangladesh. Wakimbizi wengi walijaa katika kambi ya Bongaon huko Bara Hindi, kipindupindu kikaingia, na chupa za maji ya kutiwa mshipani zikaisha. Daktari Dilip Mahalanabis akaamuru chumvi, magadi ya mikate na sukari ya glukosi zichanganywe katika maji na kutiwa mapipani, na jamaa za wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Kabla ya hapo, karibu wagonjwa 30 katika kila 100 walikuwa wakifa. Waliokunywa maji yale walikufa chini ya 4 katika 100. Tangu hapo dawa hiyo imeokoa mamilioni ya watoto duniani. Hata hivyo kuharisha bado kunaua zaidi ya watoto 400,000 wa chini ya miaka mitano kila mwaka, na wengi wao wasingekufa.

Mtoto anapoharisha

Dawa yenyewe hupatikana kwa pakiti katika zahanati na maduka ya dawa. Yafaa kusoma pakiti ni ya nusu lita au ya lita moja, kwa kuwa kukosea kipimo ni hatari. Ikiwa pakiti haipo, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, utie vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa, kisha ukoroge. Chumvi isizidi kamwe. Kila mtoto anapoharisha, aliye chini ya miaka miwili apewe robo hadi nusu kikombe, na aliye mkubwa zaidi apewe nusu hadi kikombe kizima. Akitapika, asubiriwe dakika 10, kisha aendelee kunyweshwa kwa kijiko, polepole. Anyonyaye asikatazwe ziwa, na alaye asinyimwe chakula, maana utumbo hujijenga kwa chakula. Zahanati hutoa pia vidonge vya zinki, ambavyo humezwa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuharisha kumekoma.

Lakini mtoto ambaye macho yake yameingia ndani, au hawezi kunywa, au amelegea na kusinzia, au ana damu katika choo, au ngozi ya tumbo lake ikifinywa hukawia kurudi, huyo apelekwe hospitali upesi, huku akinyweshwa njiani.

Huenda nyumbani yuko nyanya mwenye mapenzi mengi atakayesema, "Mwanangu, usimpe maji, yatampita tu." Mkaza mwana mwenye adabu hatamjibu kwa ukali. Atasema, "Mama, maji ndiyo anayoyapoteza; nisaidie kushika kijiko." Na nyanya akisha kumwona mjukuu wake amefumbua macho jioni ile na kudai uji, yeye mwenyewe ndiye atakayekuwa mwalimu wa kijiji kizima.